Mzigo wa Mgeni Haulali Nje

Parokia rafiki ya Uholanzi ilipoomba mgeni kutoka kwetu Bariadi, nilichaguliwa mimi, mama wa kwaya. Jirani yangu, Mama Kasiani, aliniazima sweta. Baba yake aliletwa kutoka Kigoma kufanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Yeye kazaliwa hapa hapa, kwenye kota za kiwanda.

Ndege sina la kuisimulia. Nilishika rozari mpaka tukatua.

Uholanzi, padri aliyewahi kukaa kwetu alinipeleka kwenye makumbusho ya Wamoluka. Mama mmoja wa makamo alitupokea, padri akawa anatafsiri. Wazee wake, watu wa visiwa vya Maluku huko Indonesia, walikuwa askari wa Mholanzi. Mholanzi alipoondoka kule, akawapakia melini na familia zao, akisema ni kwa muda mfupi tu. Walipofika akawavua uaskari, akawasukumia kambini!

"Hili sanduku la mama yangu," alisema. "Miaka mingi hakutoa vitu vyote. Alijua tunarudi."

"Nani alimpokea?"

"Hakuna."

Hasira ilinipanda. Kwetu mgeni hupokewa mzigo hata kabla ya salamu. Nilikuja kushtuka sanduku liko kichwani pangu, king'ora kinalia, mlinzi anakuja mbio, padri kawa mwekundu kama nyanya. Yule mama akacheka huku machozi yanamtoka.

"Mwacheni. Ndiye wa kwanza kulipokea."

Njia nzima ya kurudi niliwasema Wazungu. Watu hawana adabu!

Bariadi, nilikwenda moja kwa moja kurudisha sweta. Kumbe kiwanda kimeuzwa, ndiyo soko huria hilo, na tajiri mpya anataka kota zake. Vyombo vya Mama Kasiani, hadi sanduku la nguo, viko barabarani, mwenyewe kakaa juu ya godoro. Waliosimama kutazama ni wanakwaya wangu.

"Mwadila, mayu," nilimwamkia.

"Mwadila." Kisukuma chake kimenyooka kuliko changu.

Niliwageukia wenzangu. "Mnatazama nini?"

"Si mgeni huyo?" alisema mwimba besi wetu. "Arudi kwao Kigoma."

"Kigoma ipi? Kazaliwa hapa!"

Adabu niliyosema njia nzima kuwa Wazungu hawana, kwetu nayo haikuwepo.

Niliizungusha sweta yake nikaifanya ngata, nikajitwika sanduku lake kuelekea kwangu. Safari hii king'ora hakikulia. Kilipaswa kulia.