Kozi ya Wadudu

Mimi ni mwoga, na sioni sababu ya kulificha hilo. Naogopa ng'ombe wa watu, naogopa simu inayoita alfajiri, na mwaka niliomaliza kidato cha nne niliogopa kompyuta. Si kompyuta zote. Niliogopa moja tu, ya tatu kutoka mlangoni katika saiba fulani ya kukodi intaneti mjini Homa Bay, kwa sababu kila nilipoketi mbele yake nilikuta mtu amenipangia maisha upya.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, serikali ilifungua tovuti ya kuchagua kozi za chuo kikuu. Unaingia kwa namba yako ya mtihani na namba ya cheti cha kuzaliwa, unapanga kozi zako kuanzia ile unayoitaka zaidi, na mpaka siku ya kufungwa una ruhusa ya kupanga na kupangua. Namba hizo mbili ndizo ufunguo wa mlango. Mtu mwenye akili angezificha. Sisi tulizitangaza. Mama aliipiga picha karatasi yangu ya matokeo akaituma kwenye kikundi cha familia, namba ya mtihani ikiwa wazi juu kabisa, na shangazi zangu wakamwaga pongezi chini yake siku nzima. Cheti cha kuzaliwa nacho kilikuwa Isebania, kwa baba mdogo, tangu alipoenda kuniombea basari, msaada wa karo. Mimi namba yake nilikuwa nayo kichwani tu. Kwetu karatasi za mtoto hukaa kwa yule aliyesoma, na aliyesoma alikuwa yeye peke yake.

Baba yangu alifariki nikiwa darasa la pili. Tangu hapo mama alilima, baba mdogo akaamua mambo ya shule. Sikuwahi kuona ubaya wake mpaka nilipotaka kusomea wadudu.

Ukikulia Lambwe karibu na mbuga, unakua na mitego ya mbung'o. Ni vitambaa vya bluu na vyeusi vilivyotundikwa vijitini kando ya malisho, na chandarua juu ambamo nzi hunasa. Nikiwa darasa la sita, mwanamke aliyekuja kukagua mitego alinipa lenzi yake nimtazame mbung'o mmoja. Mabawa yake yalikuwa yamelaliana mgongoni kama mkasi uliofungwa. Ng'ombe wetu wawili walikuwa wamekufa kwa sababu ya wadudu wa namna hiyo, na mimi nilisimama pale nikimwona mzuri. Nilimuuliza yule mwanamke maswali hadi akachoka, akaniambia kwamba haya yote yanasomewa chuoni.

Nilipomwambia mama, alicheka mpaka akaweka jembe chini. "Sasa utaandikwa kazi na nani? Na hao nzi?"

Baba mdogo hakucheka. Alinipigia simu akasema uuguzi, na akaeleza vizuri tu: alama zangu zinatosha, wagonjwa hawaishi, na hapa nchini kazi ikikosekana kuna nchi za nje zinazotafuta wauguzi. Nikasema ndiyo, Baba. Kesho yake nikapanda bodaboda hadi Homa Bay, nikaweka wadudu nafasi ya kwanza. Uuguzi sikuuweka popote. Ukaidi wangu ndio huo, unafanya kazi mtu akiwa mbali.

Baada ya siku mbili nilirudi kuchapisha nakala, nikakuta uuguzi uko juu na wadudu wamefutwa kabisa. Nilidhani nimefungua ukurasa wa mtu mwingine. Nikasoma jina, lilikuwa langu. Nikalisoma tena kwa sauti, herufi kwa herufi, hadi mhudumu wa saiba akaniuliza kama nimekula. Nikarudisha wadudu. Nikaja tena siku ya pili yake, nikakuta uuguzi. Nikarudisha. Ikawa hivyo mara nne.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba hakuna aliyesema neno. Jumapili baba mdogo alipiga simu kama kawaida, akauliza mvua imefika wapi na kama mahindi yameota. Nikamjibu kwa adabu. Tuliongea kuhusu mahindi watu wawili ambao jana yake walikuwa wanafutiana kozi. Nilijua mwisho wa mchezo ni nini: atakayegusa mwisho kabla ya tovuti kufungwa ndiye atakayeshinda. Yeye alikuwa na simu nzuri mfukoni saa zote. Mimi nilikuwa na bodaboda na foleni ya saiba.

Zikiwa zimebaki siku mbili, nilimdanganya mama kwamba naenda kumwona rafiki Migori mjini, nikapita Migori nikaenda moja kwa moja hadi Isebania.

Nilimkuta mahali pake pa kazi, karibu na mpaka, kwenye kiti cha plastiki kivulini mwa lori. Anabadilisha pesa, za kwetu kwa za Tanzania, na za Tanzania kwa zetu. Ana shahada ya mambo ya kale. Alikulia karibu na kuta fulani za mawe za zamani kule Migori, akazipenda toka utotoni, akaenda kuzisomea. Baada ya chuo alipata kazi ya kuchimbua kwa miezi michache, kisha basi. Kwenye matanga ndugu humwita Profesa, naye hucheka pamoja nao. Mimi pia nilikuwa nacheka.

Maneno niliyoyapanga njia nzima yaliyeyuka. Aliniona, akasimama, akaniagizia chai na mandazi, akauliza habari za mama. Nilipomaliza chai nikasema nimekuja kuchukua cheti changu.

"Najua kwa nini umekuja," akasema. "Mimi si adui yako, nyathina, mtoto wangu. Mimi nilisoma kitu napenda. Watu wote walinipigia makofi. Hakuna hata mmoja alinizuia. Kila siku nikikaa hapa najiuliza, mbona hakuna mtu alinizuia?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali, na ukali haukuja. Niliona tu kwamba macho yake yanaogopa kama yangu, na nikatamani sana kuondoka.

"Unataka hiyo ya wadudu kabisa?"

"Ndiyo, Baba."

"Na ukikosa kazi?"

"Sijui."

Alimwachia mwenzake kiti, tukaenda chumbani kwake. Akatoa cheti kwenye bahasha, akakiangalia pande zote mbili, akanipa.

"Basi naondoa mkono wangu. Sitagusa tena. Lakini usikuje siku moja kuniuliza mbona sikukuzuia."

Nilifikiri nitarudi nyumbani nikiimba. Badala yake, kabla matatu haijafika Rongo, nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuijua. Zile siku zote nilizokuwa nikijiona shujaa, ushujaa wangu ulikuwa na mtu nyuma yake. Nilikuwa nachagua wadudu nikijua kuna mkono utakaokuja kunirekebisha. Nilimchukia kwa kunirekebisha, na huku nilikuwa nimemwegemea. Sasa amejiondoa.

Siku ya mwisho saiba ilijaa hadi nje. Zamu yangu ilipofika nilikuta uuguzi bado uko juu, pale alipouacha kabla sijaenda kwake. Nilikaa nikiutazama. Nilifikiria mama akizeeka na jembe mkononi. Nilifikiria kiti cha plastiki kivulini mwa lori. Watu nyuma yangu walianza kunung'unika, na mhudumu akaniambia taratibu kwamba wenzangu nao wana maisha yao ya kuchagua. Nikaweka wadudu kwanza, uuguzi wa pili, nikabonyeza kabla sijapata nafasi ya kufikiri tena. Nilitoka nje nikatapika mtaroni.

Tovuti ilikuwa inafungwa usiku huohuo. Jioni ile baba mdogo alipiga simu. Hakuuliza chochote kuhusu kozi, wala mimi sikusema. Alitaka kujua kama nilifika salama kutoka kwake. Nilikaribia kumwambia akague, kwamba simu anayo mkononi na bado kuna saa chache. Nikamwambia mvua imenyesha.

Asubuhi nilikuwa mtu wa kwanza mlangoni pa saiba. Nikaketi, nikaingiza namba zangu, nikafumba macho, nikayafumbua. Wadudu walikuwa nafasi ya kwanza. Uuguzi wa pili. Kila kitu kilikuwa kama nilivyokiacha, na hapo ndipo nilipokiri moyoni kwamba nilikuwa nimeombea nikute amenibadilishia.

Nilimuuliza mhudumu kama kuna namna yoyote ya kuifungua tovuti tena.

"Imeshafungwa, dada," akasema, na akataka kujua kama achapishe.

Nikasema achapishe.