Sura Sizikumbuki, Nakumbuka Macho

Mimi ni daktari wa retina, ile sehemu ya nyuma kabisa ya jicho. Kutwa nachungulia ndani ya macho ya watu kwenye chumba cha giza, kwa hiyo sura zao hazinikai kichwani. Juzi nipo duka la vitenge Kariakoo, mama mmoja akaniita kwa furaha, "Daktari! Umenisahau?"

Bingwa mzima nikubali? "Shikamoo mama! Nikusahau vipi?"

"Marahaba. Haya, mimi nani?"

Nikajua ni mgonjwa tu. "Si yule wa jicho la kushoto?"

Akanikodolea macho. Nikaona nimepatia. Nikawasha tochi ya simu, ambayo haionyeshi retina hata chembe, nikamfunua kope mbele ya wateja, nikatikisa kichwa. "Sukari bado unakula, mama. Usinidanganye."

Akautoa mkono wangu taratibu.

"Macho yangu mazima, baba. Mimi ni mama yake Rehema. Jumapili ulikuja kwangu kujitambulisha, ukala pilau sahani mbili umeinamisha kichwa. Wa kupimwa macho ni binti yangu, huyo aliyekuona wewe unafaa kuwa mume."