Dobi wa Mpemba na uongo wa pipa la nyuma

Saa mbili na robo asubuhi, Nesta Nzunda ameinamia beseni nyuma ya nyumba yake ya vyumba viwili, Mpemba, povu limempanda hadi viwikoni. Pembeni, juu ya turubai, yamelundikana mashuka thelathini na sita. Yote meupe, yote ya gesti moja ya Tunduma mjini, na yote yanatakiwa saa kumi jioni yakiwa yamepigwa pasi.

"Aliyebuni shuka jeupe kwa mji wenye vumbi hili, nikimpata namkabidhi beseni," anasema, huku akilikamua moja kama mtu mwenye ugomvi nalo.

Nesta ana miaka arobaini na mitatu. Kwao ni Isansa, nyumba ya wakulima wa kahawa na mahindi. Alikuja Tunduma na mumewe, mbeba mizigo wa mpakani, ambaye baadaye alivuka kwenda Zambia kutafuta kazi ya miezi mitatu.

"Mwezi wa tatu haujaisha bado," anasema. "Huu ni mwaka wa nane."

Watoto watatu, Clever na wadogo zake, wanakula na kusoma kwa mashuka. Shuka moja, kufua na kupiga pasi, ni shilingi mia sita. Sabuni yake, mkaa wake, maji yake.

Na maji ndiyo mtihani. Bomba la mtaa hutoa maji kwa zamu, na leo ni siku ya sita linatoa hewa. Nesta hununua kwa wenye mikokoteni, dumu la lita ishirini shilingi mia tano. Ana mapipa mawili. La mlangoni ni la kupikia na kuoga, nalo limebaki robo. La nyuma, lililofunikwa kwa bati, alilijaza jana jioni kwa ajili ya kazi.

"Hilo la nyuma ndiyo ofisi yangu," anasema.

Wiki iliyopita ofisi hiyo ilifungwa mchana kweupe. Jirani alikuwa na sherehe ya kipaimara, akaomba maji, Nesta akatoa. Mashuka yakafika gesti usiku, tena mabichi. Msimamizi wa gesti, Hezron, hakupiga kelele. Alisema tu: "Dada Nesta, wageni wangu siwezi kuwalaza juu ya huruma yako. Ukichelewa tena, mjini kuna wenye mashine."

Leo hapaswi kuchelewa. Lakini leo, ng'ambo ya ua wa matete, kuna msiba. Mzee Boazi, jirani yake wa miaka kumi na tisa, anazikwa saa nane mchana.

Nesta si mchoyo. Juzi alitoa kuni. Jana alikata kabichi za msiba hadi mgongo ukakataa kunyooka. Leo aliomba ruhusa ya nusu siku kwa wenye msiba, afue, azike, arudi apige pasi.

Saa tatu na nusu, Sekela anaingia na ndoo tupu. Sekela ndiye mkuu wa jiko la msiba, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu walio Vwawa.

"Hodi kwa wenye maji!"

"Karibu, dada."

"Mama Clever, jikoni pamekauka. Wageni wa Ileje wameshuka gari zima, na kila mmoja anataka kunawa hadi shingo. Tupe lile la nyuma. Mungu atakulipa."

Nesta anatazama mashuka. Anatazama jua. Mikono yake imeacha kusugua.

"Chukueni la mlangoni lote," anasema. "La nyuma msiliguse. Nimeshatia jiki."

"Jiki? Pipa zima?"

"Pipa zima. Tangu jana jioni."

Hapa msomaji ajue: jiki ya Nesta, dawa ya kung'arishia nguo, iko ndani ya chupa, chupa iko ndani ya nyumba, na kizibo hakijafunguliwa.

Sekela hagombi. Hashukuru. Anaitazama ndoo yake, anaiweka chini polepole, kisha anaondoka mbio bila ndoo wala maji.

Nesta anashusha pumzi. "Ni uongo wenye adabu," anajitetea kwa sauti ya chini. "Kumwambia mtu wa msiba 'sikupi' ni kumtukana. Jiki haimtukani mtu."

Adabu hiyo inadumu dakika mbili. Ng'ambo ya ua sauti ya Sekela inapasuka:

"Msipakue! Nani kapakua? Rudisha sahani!"

Kumbe saa moja asubuhi, Nesta alipokuwa gesti akichukua mashuka, Imelda, mkwe wa marehemu, alipita na ndoo. Hakukuta mtu. Penye msiba jirani huchota kwanza, taarifa hufuata. Imelda akafunua bati, akachota ndoo nne kutoka pipa la nyuma, akarudishia bati vizuri, na taarifa akaisahau. Maji hayo, Sekela akijua yalikotoka, yamepika uji wa wachimba kaburi. Maji hayo hayo yamepika wali, kilo thelathini na tano, sufuria mbili.

Uji umeshanywewa.

Kupitia mianya ya matete panaonekana Rabson, mchimba kaburi mwenye kifua kama mlango, amekaa chini ameshika tumbo.

"Naungua," anasema. "Kuanzia hapa, mpaka hapa."

"Mleteeni maziwa!"

"Maziwa gani, mwiteni bodaboda, apelekwe zahanati!"

Wanawake wawili wameshafunga vitambaa kwenye mishikio ya sufuria ya kwanza. Wanaelekea nayo kwenye shimo la taka, kumwaga.

Nesta amesimama, shuka linamchuruzikia miguuni. Njia ya kutokea ilikuwepo: kusema amechanganya mapipa.

"Nilikuwa nayo mdomoni kabisa," anakuja kusema baadaye. "Lakini uongo wa pili ungetaka wa tatu, na mimi nina mashuka thelathini na sita."

Anafunua bati, anachota jagi, anavuka ua. Hajafuta hata povu mikononi. Mbele ya jiko zima analiinua jagi na kunywa, hadi tone la mwisho, maji mengine yakimwagikia kifuani.

"Msimwage huo wali," anasema. "Maji hayana jiki. Hayajawahi kuwa nayo. Nilidanganya ili yabaki yangu."

Hata kuku wa Mzee Boazi wanaonekana kusikiliza.

"Kwa hiyo ulitunyima," anasema Sekela.

"Niliwanyima."

"Maji. Ya msiba."

"Maji ya msiba, dada."

Mchimba kaburi mmoja anamgeukia Rabson. "Na wewe? Sasa unaungua kwa kitu gani?"

Rabson analiachia tumbo taratibu, mkono mmoja baada ya mwingine. "Limepungua," anasema.

Kicheko kinawatoka watu kabla hawajakumbuka kwamba jeneza liko sebuleni. Wengine wanaziba midomo kwa vitenge.

Mjane, Mama Rozi, hacheki. Anamwita Nesta pale mkekani alipoketi.

"Ungesema tu, mwanangu. 'Nina kazi, leo sitaweza.' Mimi ningeelewa."

"Wewe ungeelewa, mama," anadakia Sekela. "Mimi ningenuna. Ila ningenuna mpaka mchana. Sasa nimenuna mwaka!"

"Nuna, lakini pakua," anasema Mama Rozi. "Watu wametoka mbali."

Nesta anarudi kwenye beseni lake. Akilitazama pipa vizuri, anagundua kichekesho cha mwisho: ofisi aliyoidanganyia ilikuwa imepungua ndoo nne tangu saa moja. Anajaza ndoo aliyoiacha Sekela, anaipeleka jikoni mwenyewe, anaitua. Hakuna anayesema asante. Sekela anakoroga maharage kana kwamba ndoo imejileta yenyewe.

Kisha Nesta anafanya jambo ambalo, katika miaka sita ya kufulia gesti, hajawahi kulifanya. Anampigia Hezron kabla Hezron hajampigia.

"Kaka Hezron, leo sitaweza yote. Nitaleta ishirini. Saa nane nazika jirani. Yaliyobaki kesho saa nne."



"Leta ishirini," anajibu Hezron. "Kumi na sita nakuja kuyachukua, nampa mwenye mashine."

"Na kesho?"

"Kesho tutaongea kesho."

Saa nane Nesta yuko makaburini. Anasimama nyuma, mahali ambapo wanaomnong'ona hawalazimiki kugeuka. Saa kumi kasorobo mashuka ishirini yanapanda bodaboda, yamekunjwa kama madaftari mapya. Hezron anayahesabu, anayanusa, analipa. Halafu anasema kesho aje kuchukua kumi. Si thelathini na sita, lakini si sifuri.

"Nimepungukiwa kazi, na mtaani nina jina jipya," anasema Nesta. "Imelda ananiita Mama Jiki. Namwitikia, nifanyeje?"

Ndoto yake ni tangi la lita elfu moja. Akipata oda ya kudumu kama ya zamani, anaamini mwakani mwezi kama huu litakuwa limesimama hapo nyuma. Lakini kabla ya tangi kuna Jumamosi, siku ya kuanua matanga kwa Mama Rozi. Masufuria yatakuwa mengi, na Sekela atakuwepo.

"Nitaenda kuyaosha yote," anasema. "Nitabeba ndoo sita, hizo ndizo nitakazoweza. Zikiisha nitasimama niseme zimeisha na nyingine sitoi, kwa mdomo wangu huu. Atakayenuna, nitakaa naye hapo hapo mpaka amalize."