Mikono ya Kukalia

Nyumbani walimwita Chapuchapu, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Glasi ikiyumba mezani, yeye keshaidaka. Mgeni hajainama kufungua viatu, yeye keshapiga goti. Ndivyo alivyolelewa, na mama yake alijivunia.

Chuoni malezi hayohayo yakamponza. Alisomea tiba kazi, yaani kumfundisha mtu aliyeugua au kuumia ajifanyie tena mambo yake: kula, kuoga, kuvaa. (Jirani aliposikia jina hilo alisema, "Afadhali! Njoo unitibie na ya kwangu, iko mahututi.") Kwenye mtihani wa vitendo akapewa mzee aliyepata kiharusi, amwongoze kufunga vifungo vya shati. Mzee alipobabaika kidogo tu, Chapuchapu akasema, "Pole, baba," na kufumba na kufumbua shati limefungwa hadi shingoni. Mwalimu akampa sifuri. Kurudia ni mara moja tu; akianguka tena, chuo basi.

Akaamua kufanyia mazoezi kwa shangazi yake, aliyeishi nao tangu mkono wake mmoja ulipolegea. Akamvika blauzi, akaketi mbele yake, akaikalia mikono yake mwenyewe.

Mama akatokea jikoni. "We mtoto! Shangazi yako anahangaika, wewe umekaa unatazama kama uko sinema? Ndiyo elimu hiyo?" Akamfunga wifi yake vifungo vyote. Chapuchapu aliona aibu, aibu hasa. Shangazi aligeukia ukutani.

Siku ya kurudia, kumbe mzee ni yuleyule. "Aa, binti wa haraka!" akasema, akatoa kifua afungwe.

"Leo utafunga mwenyewe, baba."

"Kwani nimekukosea nini?"

Kifungo kikateleza, kikateleza tena. Jasho likamtoka mzee, likamtoka na yeye. "Kishike kwa kidole gumba, baba. Sasa sukuma."

"Una roho ngumu, wewe."

Machozi yakamlengalenga Chapuchapu, lakini mikono haikutoka chini ya mapaja. Kifungo kikaingia. Mzee akakipapasa, akamgeukia mwalimu aliyekuwepo muda wote. "Hiki nimefunga mimi."

Alifaulu. Alikimbilia nyumbani na habari zake, akakuta sebule kimya. Shangazi alikuwa amevaa blauzi, kifungo cha pili kimeingia tundu la tatu, anapambana na cha mwisho. Kando yake mama kauma midomo, mikono kaikalia.

"Usimguse," mama akanong'ona. "Mimi mwenyewe kanifukuza. Bado kimoja."