Sehemu ya Kuyafuta

Filamu yetu ilikuwa na watu watatu: mama yangu aliyeigiza, rafiki yangu mwenye kamera ya kukodi, na mimi niliyeandika hadithi. Tuliipiga nyumbani kwetu Amagoro, na kipande kimoja Malaba, kwenye njia ya panya ya kuvukia Uganda. Katika hadithi, mama mmoja anavuka kwa njia hiyo, na akirudi anakuta ni asubuhi ile mwanawe alipoondoka. Mashine ya kurudisha wakati hatukuwa nayo. Tungeitoa wapi?

Mwana huyo alikuwa mdogo wangu. Alipanda lori la kwenda Juba kama taniboi, msaidizi wa dereva, hakurudi. Miaka ilipopita wazee walisema inatosha, tukazika mgomba badala ya mwili, kama ilivyo desturi yetu. Kabla ya kufukia waliuliza ni nani aliyemhimiza aende, aombe msamaha palepale. Niliangalia viatu vyangu. Mama naye alinyamaza, nikajipa moyo kwamba hajui.

Asubuhi ile mdogo wangu alikuwa na homa na alitaka kubaki. Mimi ndiye niliyemwita mvivu. Kwenye hadithi nilimtwika mama maneno hayo, na watu walioisoma wakaisifu. Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga; yangu ilikuwa ndefu ajabu.

Siku ya kupiga, mama alipaswa kuyasema maneno yale mbele ya kitanda kitupu, kisha, katika sehemu ya mwisho, arudi asubuhi ile kuyafuta. Alikosea mara ya kwanza, ya pili, hata ya tano. Nikamkemea, Mungu anisamehe, nikamwambia ni sentensi moja tu: "Amka uende, wacha uvivu."

"Hiyo si yangu," akasema polepole. "Siku hiyo mimi nilikuwa jikoni. Niliskia vizuri ni nani alisema."

Rafiki yangu hakuelewa. Mama akamwomba anigeuzie mimi kamera, kisha akaingia jikoni, akakaa kwenye kigoda na kuanza kuchambua mboga, mlango ukiwa wazi. Nilijua anasubiri. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikayasema, kwa sauti ileile ya siku ile. Kitanda kilikuwa kitupu. Sehemu ya kuyafuta hatujaipiga hadi leo.