Harufu ya Kisima cha Bibi

Maji ya kisima chetu cha Ngomeni yalianza kutoa mapovu na kunuka kama yai viza. Nilikuwa nikiyachota nimefumba mdomo, na nikifika jikoni natema mate nje ya mlango. Bibi, aliyenilea, hakukubali kwamba yananuka. Kisima hicho alichimbiwa na marehemu babu, na hatukuwa na maji mengine ya kunywa.

"Bibi, siku hizi unatuuzia soda?" mvuvi jirani yetu alimtania alipoona ndoo inachemka mapovu.

"Wewe kunywa tu, ukacheulie huko baharini."

Kila mtu aliilaumu gesi. Upande wa Gongoni kulikuwa na watu waliokuwa wakijaribu kufukia gesi ya kaboni chini kabisa ya ardhi, isipande hewani. Manung'uniko yalipozidi, akaja mama mmoja mpimaji wa maji. Alinionyesha kuzamisha chupa ndani ya ndoo na kuifunga humo humo majini, isiingie hewa hata chembe. Maji yalinifika viwikoni. Baadaye nilijisugua kwa majani ya mlimau mpaka ngozi ikawasha, na harufu haikutoka.

Aliporudi na majibu alimwamkia bibi shikamoo, akaketi mkekani, akaeleza polepole. Ile gesi ilitiwa alama, yaani dawa kidogo ya kuitambulisha, kabla ya kufukiwa, na alama hiyo haimo katika maji yetu. Tena kaboni yake imetoka kwenye mafuta ya kale sana, lakini ya kisima chetu bado ni changa.

"Changa vipi?" bibi akauliza.

"Ya kitu kilichokuwa hai juzi juzi, bibi. Kuna kitu kinaoza karibu na hapa."

Hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Wanawake hupasua samaki uani kwetu, na bibi huwaamuru wazike matumbo mchangani, upande wa juu wa kisima. Nyumba nyingine huyatupa nje, kunguru na nzi wakajaa. Kwetu hapakuwa na nzi, na bibi alijivunia jambo hilo mbele ya kila mgeni.

Bibi akajifunga leso kiunoni. "Leta jembe."

Nilichimba mimi. Chini ya mchanga mweupe kulikuwa na mweusi, unateleza, umejaa funza. Matumbo ya zamani yalikuwa yamegeuka uji. Nilitapika kando ya shimo nikaendelea. Bibi alisimama pale pale bila kuziba pua.

"Kitasafika lini?" alimuuliza mpimaji.

"Mpaka mvua zikioshe, bibi. Usiyanywe kabla sijayapima tena."

Jioni nilimletea maji ya kununua, ya mkokoteni. Aliyanusa kwanza.

"Haya hayana ladha."

Akayanywa yote, akaninyooshea bilauri nimwongezee. Nilimmiminia nikiwa nimegeuza uso. Mimi sikunywa wala sikula usiku ule, kwa sababu kila nilipoinua mkono kuupeleka kinywani, ulinuka.