Sikuomba Mpaka Washuke

Kwetu gari la mazishi haliondoki kabla ya maombi. Hata dereva asiyejua mlango wa kanisa uko wapi huzima redio, akavua kofia na kuinamisha kichwa juu ya usukani. Na pale Majimbo, mtaani kwetu Embu, anayeombea safari ni mimi, kwa kuwa ndimi kiongozi wa akina mama kanisani. Sikuitafuta kazi hiyo, lakini siku ile nilifurahi kuwa nayo.

Tulikuwa tunaenda Kiritiri kumzika mama wa jirani yetu. Kamati ya mazishi ilikuwa imekodi matatu mbili, moja ikakwama gereji, ikaambiwa itachelewa. Basi watu wote wakajisukuma kwenye ile iliyokuwepo, gari la abiria kumi na wanne. Wanawake wazima wamepakatana, wanaume wawili wameinama mlangoni, mahali pa makanga anayepakia abiria, masufuria ya chakula yako chini ya miguu, na kati ya viti umelazwa ule ubao wa kukaliwa tunaouita sambaza. Juu ya ubao huo, bila pa kuegemea, aliketi mke wa mwanangu, mja mzito wa miezi saba, amepakata mtoto wa mtu mwingine.

Hakulalamika. Ungelalamika vipi? Mtu akinyimwa nafasi kwenye gari la mazishi kwa sababu yako, hadithi hiyo utaisikia mpaka siku ya kuzikwa wewe.

"Mama, tuombee twende," mwenyekiti wa kamati akaniambia kutoka mbele. Kiti changu kilikuwa pale kando yake, kimewekwa kwa heshima, mkoba wangu juu yake.

Mimi nilikuwa bado nje, mkono mlangoni. Nikasema, "Siombi."

"Ati nini?"

"Siwezi ombea gari imejaa hivi. Wenye wamezidi washuke wangoje hiyo ingine. Nikiona kila mtu ako na kiti, nitaomba."

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni mzaha. Dereva akageuka. "Mathe, si ni hapo tu Kiritiri? Watu wabanane kidogo. Mungu atatulinda."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Mume wangu aliwahi kupanda pikapu kutoka Kanja na wenzake, wamejaa hadi wengine wananing'inia nyuma. Waliombewa, tena maombi marefu. Pikapu ikapinduka kwenye kona, na tangu hapo goti lake la kulia halikunjiki. Kanisani wengine wakipiga magoti, yeye husimama. Anamshukuru Mungu kwamba yu hai, nami pia namshukuru. Lakini sijasahau kwamba aliyeijaza pikapu ile hakuwa Mungu.

"Mungu si makanga wako," nikamwambia dereva. "Usimpatie kazi yako."

Mwenyekiti akasema basi ataomba mwenyewe. Akafumba macho, akaanza. Mimi sikufumba. Niliweka mguu kwenye kikanyagio ili mlango usifungwe, nikamtazama mke wa mwanangu. Nilikuwa na hofu, sifichi. Nilihofu ataona aibu kwa sababu yangu, abaki pale pale kwenye ubao. Nikaona macho yake yako wazi, yananitazama.

Amina ya mwenyekiti iliitikiwa na wachache. Mke wa mwanangu akamrudisha mtoto kwa mamake, akanishika bega, akashuka. "Mimi nitangoja na mami," akasema.

Wakafuata wale wanaume wawili, kisha waliopakatwa, mmoja mmoja, wengine wakinung'unika kwamba najifanya polisi. Ubao ukatolewa. Nikachukua mkoba wangu, kiti changu nikampa ajuza mmoja aliyekuwa ameshuka na wengine, kisha nikaomba. Maombi mafupi.

Matatu ya pili ilikuja jua limeshakuwa kali. Tulifika Kiritiri kaburi limefunikwa na sufuria zimekwanguliwa. Mwenyekiti akanijia mbele ya watu.

"Umeona sasa? Sisi tumefika salama, na nyinyi mmekosa mazishi."

"Nimekosa mazishi moja, mzee," nikamjibu. "Sikutaka kuitwa kwa ingine."

Wapo wanaoniita mkaidi hadi leo. Na waniite.

Juzi tulikuwa na safari ya harusi, kwenda Meru. Homa ilikuwa imenikausha sauti, kwa hiyo nikaingia mapema, nikakaa dirishani, na mke wa mwanangu akaambiwa aombe badala yangu. Alikuwa bado nje, mjukuu wangu mgongoni. Alichungulia ndani, akaona watu, akaona ubao. Nikamwona anaushika mlango.

"Siombi," akasema.

Nikachukua mkoba wangu, nikaanza kushuka.